Mfuko Haukumbuki

Linah Namakokha aliingia katika ofisi ya kaunsela akiwa mtoto wa kwanza wa mama yake. Alitoka akiwa wa nne.

Lakini tusikimbie. Kwanza kuna akina mama wawili pale nje ya mlango, wamekaa benchi moja na hawaongeleshani.

Wa kushoto ni Mama Leonida, mama yake Linah, mfumaji wa sweta za shule katika mtaa wa West Indies hapa Eldoret, aliyemlea binti yake peke yake. Wa kulia ni Mama Akumu, mama yake Eliakim, mpishi mstaafu wa shule moja ya Burnt Forest. Yeye amekuja na chupa ya chai na vikombe, maana hajui kwenda mahali mikono mitupu. Ilikuwa Julai, na baridi ya Eldoret mnaijua, lakini Mama Leonida alikataa hiyo chai kwa kutikisa kichwa tu, bila hata kusema asante. Linah aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Usijali," Eliakim alimnong'oneza. "Mama amepikia wanafunzi miaka thelathini. Amezoea kukataliwa chakula."

Linah akacheka bila kupenda. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Eliakim Oyugi, mwalimu wa baiolojia kule Cheptiret: angekuchekesha hata kwenye foleni ya kutolewa damu. Tena alikuwa na macho yale ambayo yakikutulia unasahau ulichokuwa unasema. Kwa miaka miwili sasa Linah alikuwa anasahau alichokuwa anasema.

Na kwa miaka hiyo hiyo miwili Mama Leonida alikuwa amekataa katakata. Siku kijana alipoletwa nyumbani mara ya kwanza aliinama kwa heshima akajitambulisha, "Mama, naitwa Eliakim Oyugi." Sinia ya chai ikamponyoka Mama Leonida na vikombe vitatu vikavunjika. Tangu hapo wimbo ulikuwa mmoja. Mtu wa ziwani, Mjaluo, hapana. Desturi zao si zetu, hapana. Linah alilia, akanuna, akaapa hatakula, akala. Mama hakutikisika. Matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani Jumapili ya kwanza, yakasomwa ya pili, ndipo mama akasema kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele, "Jumapili ya tatu mchungaji akiuliza nani ana pingamizi, nitasimama."

Jambo moja tu alilikubali haraka, na lilikuwa la ajabu. Mchungaji Zachariah huwatuma wachumba wote wakaonane na kaunsela na kupimwa kabla ya harusi, kila mmoja na mzazi anayejua habari za uzazi nyumbani kwao. Mama Leonida alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mashine yake ya kufuma, "Mkapime na ile ya seli. Msiniletee ya ukimwi peke yake." Linah alijiuliza mama ameijulia wapi hiyo ya seli. Kisha akasahau, maana alikuwa na gauni la kufikiria.

Mlango ukafunguliwa. "Linah na Eliakim? Karibuni. Na wazazi pia, ingieni."

Kaunsela aliitwa Chepkorir, mwanamke wa makamo mwenye sweta ya kijani na sauti ya mtu asiyefukuzwa na chochote. Aliwangoja wakae, akafungua faili.

"Nitaanza na majibu," alisema, "kwa sababu najua nikianza na maneno mengine hamtanisikia. Linah, damu yako ni AS. Eliakim, na wewe ni AS."

Linah hakuelewa kitu. Alimgeukia Eliakim amfafanulie, kama anavyomfafanulia kila kitu, na alichokiona kikamkausha mate. Tabasamu lilikuwa limemtoka mwanaume huyo. Kidole chake kilikuwa kinachora kitu juu ya goti: mraba, ukagawanywa mara nne. Ule mchoro wa urithi, wa njegere ndefu na njegere fupi, anaowachorea kidato cha nne ubaoni kila mwaka.

"Eli? Ni nini?"

"Ni robo," alisema.

"Robo ya nini?"

Eliakim aligeuka kumtazama kaunsela.

"Nyinyi wawili hamuumwi," Chepkorir alisema. "Hilo mlishike kwanza. Ila kila mmoja amebeba nusu ya ugonjwa wa selimundu, huu watu wanaouita sikoseli. Nusu moja haimsumbui mtu, unaweza kuzeeka nayo usijue. Lakini mtoto akichukua ya baba na ya mama, zinakuwa mbili. Chembe za damu zinapinda, zinaziba mishipa. Mtoto anavimba vidole, analia mifupa, damu inamwishia. Ngoja niwaonyeshe."

Alitoa mifuko miwili midogo ya kitambaa, akampa kila mmoja wake. Ndani ya kila mfuko mlikuwa na vifungo viwili vya nguo, kimoja chekundu na kimoja cheusi.

"Chekundu ni kizima. Cheusi ni kile mlichobeba. Ingizeni mkono bila kuangalia, kila mmoja atoe kimoja. Viwili vikikutana hapa mezani, huyo ni mtoto."

Walitoa. Chekundu na chekundu. Linah akashusha pumzi kana kwamba amejifungua kweli.

"Rudisheni. Mtoto wa pili."

Chekundu na cheusi. "Huyu ni kama nyinyi. Mzima, ila amebeba."

Mtoto wa tatu alikuwa cheusi na cheusi. Vifungo viwili tu vya shati juu ya meza, lakini hakuna aliyetaka kuvigusa.

"Rudisheni," Chepkorir alisema kwa upole.

"Tena?" Linah aliuliza.

"Tena. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanasema robo ni mmoja kati ya wanne, basi huyu akishaumwa wale wengine wamepona. Haiko hivyo. Kila mimba mnachukua upya. Mfuko haukumbuki ulichotoa jana."

Linah aliingiza vidole. Alijaribu kupapasa, kama vile cheusi kingekuwa na baridi zaidi. Akatoa. Eliakim akatoa.

Cheusi. Cheusi.

Linah alikitupa kile kifungo mezani kikaviringika mpaka sakafuni. Na hapo nyuma yake ikasikika sauti ambayo haikuwa imesema neno tangu asubuhi.

"Hata mara tatu?"

Wote waligeuka. Mama Leonida alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, mkoba umemdondoka na hajui.

"Nakuuliza wewe kaunsela. Inaweza kutoka hivyo mara tatu, zikifuatana?"

"Inaweza, Mama. Si mara nyingi, lakini inaweza."

"Bila mtu kukosea?"

"Bila mtu yeyote kukosea."

Mama Leonida alirudi nyuma taratibu. Linah alimtazama asimwelewe. Hakuwa amewahi kuuona uso ule, na alikuwa ameishi nao miaka ishirini na minane.

Chepkorir naye alikuwa ameona kitu, kwa sababu alivuta karatasi safi akaacha vifungo. "Tuchore familia," alisema. "Mviringo ni mwanamke, mraba ni mwanaume. Huyu ni Mama Leonida. Mzee anaitwa nani?"

"Wepukhulu," Linah alijibu. "Waliachana nikiwa mdogo."

"Sawa. Na hapa chini yao ni wewe. Wa kwanza?"

"Wa kwanza na wa pekee."

"Si wa kwanza," Mama Leonida alisema.

Alinyoosha kidole juu ya karatasi.

"Acha nafasi kabla yake, kaunsela. Weka mraba, kisha mviringo, kisha mraba." Alizishika zile alama mara moja, kama mtu aliyezoea kusoma mchoro wa sweta. "Na ukiwa na alama ya waliokufa, wawekee wote."

"Mama," Linah alisema. "Mama, unasema nini?"

"Nasema walikuwa watatu." Alikuwa anaitazama karatasi, si binti yake. "Walianza wazuri, wanene. Wakifika miezi minane au tisa vidole vinavimba, kilio hakikomi, macho yanakuwa ya njano. Wa kwanza alinifikishia miaka mitatu. Wengine hawakufika. Watu wa baba yako walisema mimi nakula watoto."

"Na baba alisema nini?"

"Alinyamaza."

Eliakim akaushika mkono wa Linah, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuhisi kitu.

"Ulipozaliwa wewe," mama aliendelea, "mama mkwe alikuchukua hata sijakunyonyesha, akaenda kukulaza jalalani. Juu ya majivu na maganda ya viazi, nakwambia. Jirani akapita kama tulivyopatana, akauliza ni nani ametupa mtoto, akakuokota. Nikakupokea mikononi mwake, mtoto wa kuokotwa, ili kifo kisijue wewe ni wangu. Ndiyo maana ukaitwa Namakokha, wa jalalani."

"Uliniambia ni jina la nyanya."

"Nilikwambia hivyo, ndiyo. Tulionywa wale waliotangulia wasitajwe tena ukiwepo, wasije wakakuita. Nikaona unakua, huumwi hata kidole. Nikajua jina limefanya kazi. Nikaondoka nawe mgongoni nikaja Eldoret, nikafunga mdomo."

Hakuna aliyekuwa amemkumbuka Mama Akumu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa. Akakiweka chini.

"Kwetu yugi ni takataka, ndiyo maana wangu akaitwa Oyugi," alisema polepole. "Mimi yule bibi aliyemwokota wangu nilimpa kuku wawili. Na waliotangulia walikuwa wawili."

Eliakim aliuachia mkono wa Linah. "Mama. Wewe uliniambia nilikuwa na kaka mmoja na ni malaria."

"Niliambiwa malaria, nikakuambia malaria. Na dada yako sikukuambia kabisa." Alimgeukia Eliakim. "Nisamehe, mwanangu."

Basi hapo ndipo Linah alipoiona sinia. Aliiona inaanguka upya, vikombe vitatu, chai imetapakaa hadi chini ya kochi. Haikuanguka kijana aliposema anatoka wapi. Ilianguka alipotaja jina.

"Wewe ulijua," alimwambia mama yake. "Tangu siku ile."

"Kabla hujazaliwa nilikaa jirani na Wajaluo miaka sita. Mtoto wa jina hilo najua mama yake alizika." Mama Leonida sasa alimtazama. "Baadaye nikasikia redioni daktari anaeleza huo ugonjwa wa seli, na kila alichotaja nilikuwa nimekibeba mgongoni. Nikaelewa ni nini kinakungoja."

"Na bado hukusema. Miaka miwili umelitukana kabila la watu, umemnyima mama wa watu salamu, kumbe unajua."

"Ningesema vipi? Kusema ni kuwataja wote watatu. Kabila lilikuwa rahisi."

Chepkorir alisubiri walie wanaolia. Kisha akaeleza yaliyobaki, na hakumwambia mtu oa wala usioe. Alisema siku hizi mtoto hupimwa akizaliwa, kuna dawa ya kila siku, kuna kliniki, na wengi wanakua wanakwenda shule. Akasema pia kwamba wapo ambao hawakui. Akasema kuna wanaoamua kulea mtoto wa kuasili, na wanaoamua kukaa wawili tu, na wanaoachana wakiwa bado wanapendana. Uamuzi ni wao. Linah alisikia maneno nusu nusu. Alikuwa anaitazama ile karatasi na zile alama tatu zilizokatwa mstari, na yeye mwishoni, mviringo usiokatwa.

Nje kwenye veranda mvua ilikuwa imeanza. Akina mama walibaki ndani. Linah aliegemea nguzo, na Eliakim akavua koti lake akamfunika bila kuuliza.

"Kila mwaka nafundisha hii kitu," alisema. "Kila mwaka, Linah. Nawachapia mtihani. Sikuwahi kujiuliza hata siku moja kama mimi ni njegere gani."

Safari hii Linah hakucheka. "Mwambie mchungaji Jumapili asitusome."

Eliakim alimtazama. Macho yake yalikuwa yale yale, na hicho ndicho kilichomuumiza.

"Asitusome Jumapili hii, ama asitusome kabisa?"

"Sijui."

"Unanipenda?"

"Usiniulize hiyo. Hiyo unaijua." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Naogopa, Eli. Tukipata mtoto wa kulia mifupa, mwezi baada ya mwezi, utakuwa wapi?"

"Nitakuwa hapo. Mimi si baba yako."

"Hata baba alikuwa mtu mzuri kabla ya wale watatu. Mama asingempenda mtu mbaya. Alibadilishwa na kilio, na hakuna mtu anayejua atakavyokuwa siku hiyo. Hata wewe hujui."

Linah alimrudishia koti. Aliteremka ngazi akaingia mvuani, akijiambia akigeuka atarudi. Hakugeuka.

Siku nne hazikuwa na simu. Linah alikwenda kazini katika duka la dawa za mifugo, akawauzia wakulima dawa ya kupe, akaulizwa mara tatu kama anaumwa. Nyumbani mama alifuma, yeye akanyamaza. Ila Ijumaa, wakimenya viazi, Linah aliuliza tu, "Wa kwanza alipenda nini?" Na mama, baada ya kumaliza kiazi kizima, akajibu, "Alipenda kufunika kuku na kikapu." Wakacheka kidogo wote wawili, kisha mama akajifunika uso na aproni.

Jumapili Linah alifika kanisani mapema kumwomba mchungaji aliondoe jina lake. Alikuwa ameamua. Mtu asiyejua atakavyokuwa hana haki ya kuahidi, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Eliakim alikuwa amesimama langoni, hajanyoa, shati limekunjamana.

"Nina neno moja, halafu ufanye unavyotaka," alisema. "Ijumaa ni siku ya kliniki ya watoto wale. Chepkorir alikubali niende. Nilikaa na akina baba wanne kuanzia asubuhi mpaka saa tisa. Mmoja alinipa mtoto nimshike wakati anakwenda kutafuta dawa. Alikuwa kwenye maumivu, Linah. Alinilowesha machozi shati lote."

"Na wewe?"

"Niliogopa. Nilitoka nje mara mbili." Alilinyoosha shati kwa kiganja. "Halafu nikarudi ndani mara mbili. Uliniambia sijui nitakavyokuwa. Sasa najua kidogo. Nitatoka nje, na nitarudi. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Linah alimtazama yule mwanaume mwenye shati la mikunjo. Wote waliowahi kumwambia mambo mazuri walikuwa wamemdanganya kwa upendo. Huyu alikuwa amemwambia kwamba alitoka nje mara mbili.

Mchungaji Zachariah alikuwa anapita na Biblia kwapani. "Linah, nimeambiwa unanitafuta. Nisome ama nisisome?"

"Soma," Linah alisema.

Ibada ilikuwa imejaa. Wakati wa matangazo mchungaji alivaa miwani. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Eliakim Oyugi, wa Cheptiret, na Linah Namakokha, wa West Indies. Kama kuna mwenye pingamizi, asimame aseme."

Benchi nyuma ya Linah likalia. Hakuhitaji kugeuka. Aliona nyuso za wanakwaya zikiduwaa, akasikia minong'ono ikienda safu kwa safu. Mama Leonida alikuwa amesimama, kama alivyoahidi.

"Mama Leonida," mchungaji alisema taratibu. "Una pingamizi?"

"Nilisema nitasimama, nimesimama." Sauti yake ilifika mwisho wa kanisa. "Pingamizi sina. Nina watoto watatu ambao sijawahi kuwataja mbele ya watu. Ni kaka na dada wa bibi harusi. Nilinyamaza nikidhani namlinda. Wekesa. Nanjala. Barasa."

Ng'ambo ya ujia, Mama Akumu akajiinua polepole, ameshika benchi la mbele.

"Okinyi," alisema. "Na Awuor."

Linah alitafuta mkono wa Eliakim akaupata. Safari hii aliuhisi, wa baridi, wenye jasho, ukimkaza.

Mchungaji Zachariah alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaigeuza karatasi ya matangazo upande wake mtupu na kuchukua kalamu.

"Yarudieni hayo majina polepole, akina mama," alisema. "Niyaandike."